Ruti si orodha ya vituo

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kama wiki mbili hivi, na sababu mnazijua wenyewe: kozi weki, semina, na bumu ambalo kila siku tunaambiwa linatoka kesho. Leo sitaandika habari za bumu. Nataka kuandika historia. Najua kuna watakaosema mtu wa kompyuta na historia wapi na wapi, lakini vumilieni kidogo, maana jambo hili nimelala nalo siku kadhaa, na naona likizidi kubaki kichwani litaniharibia mtihani.

Iko hivi. Kwenye somo la hifadhidata kundi letu limechagua mradi wa kuingiza ruti za daladala kwenye kompyuta. Kwa haraka haraka ni kazi nyepesi: jedwali la vituo, jedwali la ruti, jedwali la tatu la kuyaunganisha hayo mawili, mchezo umekwisha, twende tukanywe chai. Sasa dada mmoja wa kundi letu, mkimya ile mbaya, akauliza: "Hivi ruti yenyewe ni kitu gani?" Mabishano yakaanza, na mpaka naandika haya hayajaisha. Mmoja anasema ruti ni yale majina mawili yaliyoandikwa mbele ya gari. Mwingine anasema ni orodha ya vituo kwa mpangilio. Wa tatu anashikilia kwamba ruti ni ile barabara yenyewe, na kona zake zote. Mimi nikaenda maktaba na intaneti kuangalia waliotutangulia walilijibu vipi swali hili. Nikakuta historia ya zaidi ya nusu karne, na sehemu yake nzuri kuliko zote imetokea hapa jirani tu, Nairobi.

Tuanze mbali. Mwaka 1967 Idara ya Sensa ya Marekani ilikuwa ikifanya majaribio katika mji wa New Haven. Sensa ya 1970 ilikuwa inakuja, na fomu nyingi zingetumwa na kurudishwa kwa posta. Kwa hiyo walihitaji kompyuta ijue anwani fulani iko kwenye kitalu gani cha nyumba. Wakaja na muundo walioupa jina la DIME. Ndani yake kila kipande cha mtaa ni mstari mmoja wa data: kinaanzia makutano gani, kinaishia makutano gani, kushoto kwake kuna kitalu gani, kulia kwake kuna kitalu gani, na namba za nyumba zinaanzia wapi mpaka wapi. Uzuri wake ni kwamba kompyuta iliweza kuzunguka kitalu chote kwa kufuata vipande, na kama mduara haujifungi, basi kuna kosa mahali. Baadaye, kwa ajili ya sensa ya 1990, wakatengeneza mfumo mkubwa zaidi wa nchi nzima, TIGER.

Angalia kitu kimoja hapo. Huo mtaa wa DIME una kushoto na kulia, lakini hauna gari linalopita juu yake. Na kwa nini uwe nalo? Waliotoa pesa walitaka kuhesabu watu majumbani, hawakutaka kujua watu hao wanafikaje kazini. Hili ndilo funzo langu la kwanza, na naliona likijirudia kila mahali: muundo wa data hujibu swali la aliyeuagiza. Ambaye hakuuliza, hana safu kwenye jedwali.

Turuke mpaka mwaka 2000. Kabla ya hapo, jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia, hata kifaa chako kikaweza kukosea kama mita mia hivi. Mei 2000 uharibifu huo ukazimwa. Ghafla mtu wa kawaida mwenye kifaa kidogo mkononi akaweza kujua yuko upande gani wa barabara. Watu wakaanza kurekodi safari zao, na kila kampuni ya vifaa ikawa na faili zake ambazo wengine hawazisomi. Mwaka 2002 kukatoka mtindo wa faili unaoitwa GPX, ambao leo karibu kila programu ya ramani inaufahamu.

Kilichonifurahisha kwenye GPX ni kwamba waliotunga waliona tofauti ambayo sisi kwenye kundi tulikuwa tunaikanyaga bila kuiona. Waliweka vitu viwili mbalimbali. Kimoja ni ruti, yaani sehemu unazokusudia kupita. Kingine ni nyayo, yaani sehemu ulizopita kweli, nukta baada ya nukta, pamoja na saa. Ruti ni nia, nyayo ni tendo. Dereva wa daladala atanielewa vizuri hapa. Nia yake ni Mwenge mpaka Posta. Tendo lake, siku foleni imekaza, ni kukata kona na kupita uchochoroni ambako hata konda mwenyewe anachungulia dirishani kujua yuko wapi.

Sasa tufike Portland, jimbo la Oregon, mwaka 2005. Kule kuna shirika la usafiri wa umma linaitwa TriMet, na mmoja wa watu wake wa teknolojia alikuwa Bibiana McHugh. Mama huyu aliona jambo la ajabu: ukitaka maelekezo ya kuendesha gari lako, tovuti zinakupa kwa sekunde chache, lakini ukitaka kwenda kwa basi katika mji usioujua, kazi kwelikweli. Akaziandikia kampuni kubwa za ramani. Google wakajibu, na mhandisi wao mmoja, Chris Harrelson, alikuwa tayari anahangaika na wazo kama hilo hilo. TriMet wakatoa data zao za ratiba, na Desemba 2005 huduma ikazinduliwa kwa mji wa Portland peke yake. Mwaka 2006 muundo wa data hizo ukachapishwa ili miji mingine iutumie. Ndiyo GTFS hiyo, ambayo herufi ya kwanza ilisimama badala ya jina Google, kisha baadaye jina likabadilishwa ili iwe ya wote.

GTFS si kitu cha kutisha. Ni mafaili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, yamefungwa kwenye faili moja la zipu. Hata karani wa ofisi anaweza kuyafungua kwa programu ya majedwali. Moja linataja vituo pamoja na latitudo na longitudo zake. Moja linataja ruti: namba yake, jina lake, na kama ni basi, treni au kivuko. Moja linataja safari, yaani gari moja kuondoka mwanzo mpaka kufika mwisho. Moja linasema kila safari inafika kituo gani saa ngapi. Halafu kuna faili liitwalo shapes.txt, ambalo ni la hiari, na humo ndimo barabara yenyewe inamokaa: namba ya umbo, latitudo, longitudo, na nukta hiyo ni ya ngapi kwenye mstari.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia kwa makini, na ndiyo yaliyokuwa yanatugombanisha. La kwanza, umbo halifungwi kwenye ruti, linafungwa kwenye safari. Kwa nini? Kwa sababu ruti moja inaweza kuwa na njia kadhaa: kwenda na kurudi, ya asubuhi inayopitia shuleni, ya usiku inayoishia njiani. Ruti ni jina na ahadi, umbo ni ardhi. Ukiyafunga pamoja kama kitu kimoja, siku gari likipita kwingine utalazimika kutunga ruti mpya ambayo hakuna abiria anayeijua. La pili, umbo ni la hiari. Ukiliacha, programu nyingi zitachora mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, ukipita juu ya mapaa ya watu na kukata mto pasipo daraja. Kwa mtu wa Portland hilo halikuwa jambo la kufa na kupona. Yeye anajua kituo kilipo, anajua basi linakuja saa 2:14, atakwenda kusimama pale. Basi likipita barabara gani katikati, shauri yake.

Wakati Wamarekani wanafanya hayo, London kulikuwa na kazi nyingine kabisa. Mwaka 2004 Steve Coast, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kama mimi na wewe, alianzisha OpenStreetMap, kwa sababu ramani nzuri za Uingereza zilikuwa mali ya taasisi ya serikali iliyozitoza pesa. Muundo wao wa kwanza ulikuwa na nodi, yaani nukta moja yenye latitudo na longitudo. Kisha kipande kinachounganisha nodi mbili. Kisha njia, yaani mkusanyiko wa vipande. Oktoba 2007 wakafanya mapinduzi. Vipande wakavitupa, njia ikawa orodha ya nodi moja kwa moja, na wakaleta kitu kipya wanachokiita uhusiano.

Uhusiano ni kitu gani? Fikiria Morogoro Road. Kama njia ni mstari mmoja na unataka kuandika kwamba basi fulani linapita hapo, unaubandika mstari huo lebo. Likija basi la pili, lebo ya pili. La kumi, lebo ya kumi. Mwishowe barabara imejaa vibandiko kama nguzo ya umeme wakati wa uchaguzi. Uhusiano ukageuza mambo: barabara inabaki barabara, na ruti inakuwa kitu kinachojitegemea kinachosema "mimi napita juu ya njia hii, na hii, na ile." Lakini mwanzoni wanachama wa uhusiano hawakuwa na mpangilio. Unajua ruti inapita barabara kumi, hujui inaanza na ipi! Toleo la Aprili 2009 ndilo lililohifadhi mpangilio. Mnaona jinsi kitu kidogo, namba ya mfuatano tu, kinavyotofautisha safari na rundo la barabara.

Basi, hayo yote ni ya wenye ratiba. Sasa tuje kwetu.

Nairobi, mwaka 1973, Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zile za mabasi. Jina lenyewe linasemekana limetokana na nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi. Huku Dar es Salaam magari ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983, nauli ikawa shilingi tano, yaani "dala", ndiyo tukapata daladala. Miji yote miwili ikawa inaendeshwa na magari ambayo hayana ratiba, yanasubiri yajae, na mengi ya vituo vyake hayana kibao. Alama zipo, lakini zimeandikwa kwenye gari lenyewe. Nairobi, kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilitaka kila matatu iwe na mkanda wa njano wenye ruti yake. Dar tuna rangi za mkanda ubavuni. Mzee asiyejua kusoma anajua kabisa gari lake ni lipi. Kompyuta ndiyo haikujua.

Mwaka 2012 ukaanza mradi wa Digital Matatus. Walikuwemo watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wa MIT na Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot, kwa fedha za Rockefeller Foundation. Na kazi ya barabarani ilifanywa na nani? Wanafunzi! Walipanda matatu na simu zenye GPS, wakalipa nauli, wakakaa dirishani, na kila gari liliposimama wakaandika jina la steji kama abiria wanavyoliita. Simu ikawa inarekodi nyayo. Ruti 46 ya Kawangware, ruti 111 ya Ngong, zaidi ya ruti 130 kwa jumla.

Tatizo likaja wakati wa kuyaingiza hayo kwenye GTFS. Jedwali linauliza: gari linafika kituo hiki saa ngapi? Jibu la kweli la Nairobi ni "likijaa". Jedwali linauliza: vituo ni vipi? Jibu la kweli ni "hapa, na pale ukisema shukisha." Muundo uliotungwa Portland ulikuwa na dhana mbili ndani yake, saa na kibao, na mji huu haukuwa na hata moja. Kulikuwa na njia mbili za kutoka. Moja ni kudanganya: tunga ratiba, jaza safu, data zionekane nzuri. Ya pili ni kutumia sehemu ya muundo inayokubali makadirio, kwamba kati ya saa fulani na saa fulani gari linapita kila baada ya dakika kadhaa, kisha kuzungumza na jumuiya ya GTFS namna kiwango chenyewe kinavyoweza kulegezwa kwa usafiri wa aina hii. Wakachagua ya pili, na mimi nawavulia kofia.

Januari 2014 data zikatolewa bure kwa yeyote, pamoja na ramani ya karatasi yenye mistari ya rangi, kwa mtindo wa ile ya treni za chini ya ardhi za London. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuuona mfumo mzima kwa mkupuo, na kitu kimoja kikajitokeza waziwazi: mistari karibu yote inakimbilia katikati ya mji. Kila abiria aliyelazimika kuingia mjini kwanza ili aende mtaa wa upande wa pili alikuwa analijua hilo miguuni mwake. Lakini maumivu ya miguu hayawekwi mezani kwenye kikao cha mipango miji. Ramani inawekwa. Serikali ya kaunti ya Nairobi ikaikubali ramani hiyo, na Agosti 2015 matatu zikaingia kwenye Google Maps. Miji mingine ya Afrika kama Accra, Cairo na Maputo nayo ikapata kazi za aina hiyo.

Na Portland nayo ikajifunza, kwa namna ya kusema. Mwaka 2020 GTFS iliongezwa safu za kueleza kwamba abiria anaweza kupanda na kushuka popote njiani. Na pamoja nazo kuna sharti ambalo nililisoma mara mbili: safari ikiwa na ruhusa hiyo, umbo la njia si hiari tena. Ni lazima.

Hebu tafakari hapo. Kama abiria anaweza kusema "shusha" mahali popote, basi kituo ni nini? Kituo ni barabara nzima. Bila ule mstari wa nukta, kompyuta haina cha kumwambia mtu aliyesimama kati ya vituo viwili. Kilichokuwa pambo la ramani kule walikoanza, kwetu sisi ndicho kiini. Ndiyo maana nimeandika kichwa cha habari hivyo. Orodha ya vituo inatosha kwa mji wenye vibao na saa. Kwa mji wetu, ruti ni mstari juu ya ardhi kwanza, na vituo ni majina ambayo watu wameyabandika juu yake.

Msinielewe vibaya, sisemi kompyuta itapunguza foleni. Mstari uliochorwa vizuri hauongezi hata gari moja. Tena data hizi huzeeka haraka kama mkate. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam Mei 2016, daladala zilizokuwa kwenye ile barabara zikahamishiwa kwingine, na ramani yoyote ya kabla ya hapo ikawa historia siku hiyo hiyo. Nyayo za jana si ruti ya leo. Kwa hiyo mradi wa kurekodi mara moja, kupiga picha na wafadhili na kwenda nyumbani, hautoshi. Anahitajika mtu wa kurudi barabarani kila mara.

Lakini kazi hiyo tunaiweza. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaa ya jiji hili katika mradi wa Ramani Huria, wakaweka kwenye OpenStreetMap barabara na mifereji ya mitaa inayofurika mvua ikinyesha. Watu wa Nairobi walikuwa wanafunzi. Coast alikuwa mwanafunzi. Sisemi haya kwa kujisifia, nasema kwa sababu mara nyingi hapa chuoni tunasubiri kiwango kitoke kwa wenzetu, tukipokee, halafu tuukunje mji wetu uingie ndani yake. Nairobi walifanya kinyume. Waliuanza mji kama ulivyo, wakakiuliza kiwango kama kinaweza kuubeba.

Ninaloliogopa ni jepesi tu. Siku hizi maamuzi ya wapi lijengwe daraja, wapi kipite kivuko cha watembea kwa miguu, yanaanzia kwenye data. Mama anayeuza samaki, anayepanda gari alfajiri kwenye kona isiyo na jina rasmi, kama kona yake haiko kwenye mstari wowote, basi kwenye kikao kile hayupo. Hakuna aliyemfukuza. Jedwali tu halikuwa na safu yake.

Haya, wadau, wino umeisha na mgahawa unafungwa. Wewe unayesoma hapa, ruti yako ya kila siku inapita wapi, na kona unayoshukia watu wa huko wanaiitaje? Niandikieni hapo chini, maana majina hayo hayapo kwenye kitabu chochote. Tukijaliwa, wiki ijayo.